Kigongo: kivuko kimeondoka, mawe yamebaki

Siku hizi basi la Geita halisimami Kigongo. Linapanda daraja moja kwa moja, abiria wa dirishani wanachomoa simu wapige picha ya nyaya na maji, na kabla hujaamua upande upi una mandhari nzuri mmeshaingia Busisi, wilaya ya Sengerema. Konda wa gari nililopandia stendi ya Nyegezi alinitazama mara mbili nilipomwambia nashuka hukuhuku, upande wa Misungwi. "Kigongo? Pale sasa hivi hamna kitu, kaka." Akagonga bati, dereva akapunguza mwendo, nikabaki pembeni mwa lami na begi langu.

Nilikuwa nimekifuata hicho ambacho hakipo, pamoja na kitu kingine ambacho kipo tele. Ukitoka Mwanza mjini hadi Usagara, kisha ukakunja kulia kuelekea ziwani, macho hayapumziki na mawe. Yamepandana juu ya vilima, mengine makubwa kuliko nyumba, yamekaa kwa namna ambayo hakuna fundi angethubutu kuyapanga hivyo. Wanajiolojia wanatuambia graniti ya ukanda huu ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwanza imejipa jina la Jiji la Miamba, na jiwe lake linalopigwa picha kuliko yote limebebeshwa jina la Bismarck, kansela wa Ujerumani ambaye hakuwahi kukanyaga huku. Kisiwani Ukara wana jiwe linalocheza, na wageni hulipia kuliona. Lakini mawe mengi ya Mwanza hayana jina wala mgeni. Yapo tu nyuma ya nyumba, watoto wanayatelezea, akina mama wanaanikia mihogo juu yake.

Nilishuka kwa miguu kuelekea gatini. Barabara ya zamani bado ipo, pana kuliko inavyohitajika sasa, kwa sababu ilijengwa kubeba foleni. Kwa miaka mingi kazi ya Kigongo ilikuwa kusubirisha watu. Ghuba ya Mwanza ilikuwa imeikata njia ya Sengerema, Geita na kwingine huko magharibi, na mtu yeyote mwenye haraka alilazimika kuiacha haraka yake hapa. Vivuko vya TEMESA, wakala wa Serikali wa vivuko, yaani MV Mwanza, MV Misungwi na MV Sengerema, vilikwenda na kurudi. Kuvuka kwenyewe hakukuwa safari ndefu. Kilichomaliza watu ni kungoja. Ukikuta kivuko kimetoka, au kimoja kimeharibika, au upepo umechachamaa, saa mbili zilikuwa zinakwenda hivihivi. Magari ya wagonjwa yalisubiri. Wajawazito walisubiri. Watu wa Geita na Sengerema waliokuwa wakikimbizwa hospitali ya Bugando wana simulizi ambazo sitazirudia hapa. Yeyote anayelilia kivuko mbele yao ajipange vizuri na maneno yake.

Tarehe 7 Desemba 2019 Rais John Magufuli alikuja kuweka jiwe la msingi la daraja. Alikuwa mtu wa Chato, njia hii ilikuwa ya kwao, na foleni ya Kigongo aliijua tangu alipokuwa waziri wa ujenzi. Hakuliona likikamilika, alifariki tarehe 17 Machi 2021. Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua tarehe 19 Juni 2025, likapewa jina la mtangulizi wake: takribani kilomita 3 juu ya maji, zaidi ya shilingi bilioni 700, daraja refu kuliko yote Afrika Mashariki na Kati. Sasa mtu anavuka kwa dakika chache na halipii nauli ya kivuko. Sijakutana na mtu Kigongo anayesema daraja lingeachwa. Nilikutana na wengi wanaouliza wao wafanye nini.

Maana foleni ilikuwa ndiyo soko. Mtu aliyekwama saa mbili ana njaa, ana kiu, anachoka, anaishiwa vocha. Kijiji kizima kilijifunza kumhudumia mtu aliyekwama: mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha, karanga, miwa iliyokatwa vipande, maji ya chupa kwenye ndoo ya barafu, sato wa kukaanga. Vyumba vya kulala wageni vilijengwa kwa ajili ya waliokosa kivuko cha mwisho. Vijana waliishi kwa kubeba mizigo. Hakuna kati ya hao aliyekuwa na mkataba na foleni, lakini walikuwa na uhakika nayo kuliko wengi wetu tulivyo na uhakika na ajira zetu.

Chini, karibu na maji, palikuwa na vibanda vingi vilivyofungwa kwa kufuli na vichache vilivyobaki wazi. Nilikaa kwenye benchi la mama mmoja wa makamo aliyekuwa akigeuza samaki kwenye karai.

"Wangaluka, mayu."

"Wangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

Kisukuma changu kinaishia hapo, naye aliligundua hilo mara moja, akaingia Kiswahili kwa huruma. Mafuta kwenye karai yalikuwa yamefika nusu tu. Samaki walikuwa sita, wamepangwa kwenye sinia wakiangalia upande mmoja, na juu yao kitambaa cha neti cha kuzuia nzi. Akaniambia zamani alikuwa hapangi, hapakuwa na nafasi ya kupanga, samaki alitoka kwenye mafuta akaingia kwenye gazeti, gazeti likaingia dirishani kwa abiria. "Sasa hivi, baba, nakaanga kwa kuogopa. Nikikaanga wengi wananilalia." Mabenchi yake mengine mawili ameyauza. Wenzake wamehamia juu, barabarani, kujaribu kuwauzia watu wa magari, lakini gari likishakuwa na mwendo halina habari na samaki. Wengine wamekwenda Usagara, wengine Busisi, ambako hali ni hiyohiyo. Yeye amebaki kwa sababu nyumba yake ipo hapa.

Nikamuuliza kama kuna kazi nyingine inayozungumzwa. Akacheka kidogo, akaelekeza kwa kijiko upande wa vilima. "Si ndiyo mawe hayo. Nenda pale kwenye drafti uwasikilize wanavyogombana."

Chini ya mwembe, kwenye drafti, hakuna aliyekuwa na karatasi mkononi. Naliweka hili mapema ili msomaji asije akadhani nilikuta tangazo limebandikwa kwa mtendaji. Hakuna mkutano uliokuwa umeitwa, hakuna kampuni iliyotajwa. Yalikuwa maneno ya kijiweni: kwamba mtu akija na krasha lake, mashine ya kusaga mawe kuwa kokoto, akaomba kilima, je, apewe? Lakini yalizungumzwa kwa ukali wa watu wanaoamini kwamba siku hiyo inakuja, na ukiwasikiliza unaelewa kwa nini.

Wamejionea jinsi mawe yanavyoliwa. Daraja lililopo juu ya vichwa vyao ni zege, na zege kwa sehemu kubwa ni kokoto. Fundi wa mtaani anayechanganya moja kwa mbili kwa nne anakujulisha hivyo bila kufungua kitabu: mfuko mmoja wa saruji, mchanga mara mbili, kokoto mara nne. Wilayani humohumo Misungwi, pale Fela, tarehe 14 Juni 2021 liliwekwa jiwe la msingi la kipande cha reli ya kisasa cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341. Reli hailazwi juu ya udongo mtupu. Inalazwa juu ya tuta la mawe yaliyovunjwa, magumu, yenye kingo, na tuta hilo linataka mawe kila mita. Jiji lenyewe linapanuka kuja huku. Buhongwa imejaa, Usagara inajaa. Sasa kuna barabara nzuri, kuna daraja, na kuna vilima vya graniti. Kwa mwenye krasha, Kigongo leo inafaa kuliko ilivyofaa wakati wa kivuko, kwa sababu lori lake halitakaa foleni. Daraja lililoondoa wateja wa samaki linaweza kumleta mteja wa mawe.

Kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa ameegemea pikipiki yake huku akifuatilia drafti, alikuwa upande wa "waje". Hoja zake hazikuwa za kitoto. Alisema kilima hakimlishi mtu, kwamba yeye ana watoto wawili na mkopo wa pikipiki, na kwamba wanaosema mlima usiguswe ni wazee wenye mashamba ya mpunga au watu wanaotumiwa hela na watoto wao kutoka mjini. "Mimi nikisikia kuna kazi ya kuendesha tipa, kesho nipo getini. Mambo ya mandhari wataongea wazungu."

Mzee mmoja, ambaye wote walimwita babu na aliyekuwa akishinda drafti bila kuonekana anaangalia, alimjibu bila kuinua kichwa. Tipa inataka leseni ya udereva ya daraja fulani, kijana ana ipi? Krasha linaendeshwa na watu wangapi? Akasema wakati wa daraja vijana walipata vibarua, kweli, wakalipwa kwa siku, na daraja lilipokwisha na vibarua vikaisha. "Daraja angalau limebaki, na sisi tunapita. Mlima ukiisha unabaki nini? Shimo. Sasa wewe utapita kwenye shimo?"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, lakini akasema shimo lenye hela mfukoni ni afadhali kuliko mlima wenye njaa.

Nilitegemea mabishano ya vijana na wazee, hadithi ambayo tumeizoea. Kilichonishangaza ni kwamba mpinzani mkali kuliko wote hakuwa babu. Alikuwa mama anayeponda kokoto.

Nilimkuta siku iliyofuata, upande wa bara, mbali kidogo na maji, chini ya turubai la bluu lililochanika, kando ya mwamba mweusi kwa moshi. Kazi yake ni ya zamani na Mwanza nzima inaijua. Mwamba mkubwa hauvunjiki kwa nyundo, kwa hiyo unachomwa. Wanaume wanawasha moto juu yake, kuni au matairi mabovu, moto unakaa saa nyingi mpaka jiwe linapata mipasuko, kisha nyundo kubwa na mtaimbo vinamalizia. Vipande vinashushwa kwa akina mama. Kila mmoja ana jiwe lake la kukalia, jiwe la kugongea, nyundo ndogo yenye mpini aliouchonga mwenyewe, na pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi. Kipande cha jiwe kinawekwa ndani ya pete kisiruke, nyundo inapigwa, pete inainuliwa, kokoto inasukumwa kwenye lundo. Alifanya hivyo muda wote tuliozungumza, hakusimama hata mara moja. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimefungwa vipande vya kandambili kwa uzi. Kokoto inauzwa kwa ndoo, na mwenye fuso akija ananunua tripu, akina mama wanachanga malundo yao kisha wanagawana.

Nilidhani atalipenda krasha, kwa vile angepumzisha mikono. Aliniangalia kama mtu asiyejua hesabu.

"Mashine ikija, kaka yangu, nani atanunua ndoo yangu?"

Akanieleza. Kokoto ya krasha inatoka saizi moja, nusu inchi ni nusu inchi, robo tatu ni robo tatu. Makandarasi wanaipenda kwa sababu wahandisi wao wanaipima. Inatoka nyingi kwa saa moja kuliko akina mama wote wa pale wanavyotoa kwa wiki, na kwa hiyo bei inashuka. Kitakachobaki kwao ni wajenzi wa vyumba viwili vitatu wanaonunua ndoo kumi kumi, nao wakisikia krasha liko karibu watakwenda hukohuko. Tena mwenye krasha atakuja na leseni, na mwenye leseni ana haki ya kuwaondoa waliopo. "Sisi hapa hatuna karatasi. Tuna nyundo." Mumewe alikuwa mpiga debe kwenye kivuko. Ndani ya mwaka huohuo, anasema, hawezi kupoteza vyote viwili.

Wanaozungumzia wananchi na machimbo wanapenda kupanga pande mbili, wapenda mazingira na wapenda maendeleo. Mama huyu hayumo popote kati ya hizo. Anautafuna mlima kila siku, moshi wa matairi yake unachafua hewa kuliko anavyopenda kukiri, na vumbi la graniti, ambalo lina silika ndani yake, linaingia kwenye mapafu yake na ya mtoto anayelala pembeni kwenye kanga. Ugonjwa wa silikosisi hauponi, na humfungulia mlango kifua kikuu. Hakuwa na barakoa. Hata hivyo, anapinga krasha, na anapinga kwa hoja ya kiuchumi kabisa. Mlima ukivunjwa kwa nyundo utamlisha yeye, na pengine bintiye. Ukivunjwa kwa baruti utaisha kabla binti hajamaliza sekondari.

Jioni nilikaa na mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji huko nyuma, mtu wa mafaili. Yeye ndiye aliyenikumbusha jambo ambalo wengi kijiweni hawakulitaja: kisheria, mawe yale ni madini. Sheria ya Madini ya 2010 inaweka vifaa vya ujenzi, mawe, kokoto, mchanga na moramu, katika kundi la madini, na madini yote ni mali ya Jamhuri. Ardhi ya juu inasimamiwa na kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Jiwe lililo juu ya ardhi hiyo linatolewa leseni na Tume ya Madini. Ndiyo maana mwanakijiji anaweza kushtuka kumkuta mtu na leseni halali juu ya kilima ambacho babu yake alichungia mbuzi.

Lakini sheria hiyohiyo, mwalimu akasisitiza akigonga meza, haikumwacha mwanakijiji mikono mitupu. Mwenye leseni haruhusiwi kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba ya mtu, wala mita 50 kutoka kwenye shamba lililolimwa, bila ridhaa ya maandishi ya anayelikalia kihalali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa. NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, wanatakiwa kuona tathmini ya athari kwa mazingira. Tangu mabadiliko ya 2017, mwenye leseni ya madini anatakiwa kuandaa mpango wa kila mwaka wa kusaidia jamii, aukubaliane na halmashauri. Na mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mtu mzima anayeishi pale, unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu.

Nikamwambia kwenye karatasi mambo yanaonekana mazuri. Akavua miwani. Kwanza, ile ridhaa, ikionekana imezuiwa bila sababu ya msingi, mamlaka inaweza kuagiza iachwe. Nani anaamua sababu ya msingi ni ipi? Pili, akina mama wa nyundo na mama wa samaki, ni wangapi wana hati ya kimila? Anayekalia ardhi kwa mazoea anaweza kuambiwa hakuikalia kihalali. Tatu, na hili alilisema kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa wawili, ni karatasi ya mahudhurio. Watu wanaitwa mkutanoni, wanasaini kwamba wamefika, halafu saini zilezile zinaambatanishwa na muhtasari kama saini za kukubali. Hakutaja kijiji. Ni lalamiko ambalo mtu yeyote aliyezunguka vijijini Tanzania amelisikia, kuanzia kwenye misitu hadi kwenye mashamba ya wawekezaji.

Nilipokuwa namsikiliza nilikuwa nakumbuka Wazo. Kiwanda cha saruji cha Twiga pale Dar es Salaam kilianza uzalishaji mwaka 1966, enzi ambazo Tegeta ilikuwa shamba. Mlima wa chokaa ulikuwa mbali na watu. Jiji likautembelea mlima. Kufika miaka ya karibuni, maelfu ya nyumba zilikuwa zimejengwa Chasimba, Chatembo na Chachui, juu ya ardhi ambayo kiwanda kilisema ni yake kwa ajili ya kuchimba malighafi. Kesi ikaenda miaka mingi. Kampuni ikashinda. Halafu ikaja ile hali ambayo hukumu haiwezi kuimaliza, kwamba huwezi kuamka asubuhi ukabomoa mji mzima, na Serikali, kupitia aliyekuwa waziri wa ardhi William Lukuvi, ikaingia katikati kutafuta namna wakazi wabaki na kampuni ifidiwe. Pale Wazo watu ndio walioufuata mlima. Kigongo watu wako tayari mlimani. Kwa hiyo anayefikiria mita 200 Kigongo asichore ramani ya leo tu. Akumbuke kwamba jiji liko Usagara, na linatembea.

Upande wa pili wa ziwa hili, Lwera, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, si mawe bali ni mchanga. Mabasi yanayotoka Kampala kwenda Mutukula na Bukoba yanapita hapo na abiria wanaona madimbwi makubwa ambako palikuwa na ardhi oevu, na mitambo inayonyonya mchanga kutoka chini ya maji. Wavuvi na wakulima wa pale wamelalamika miaka mingi. Mei 2023 mafuriko yaliharibu daraja la Katonga kwenye barabara hiyohiyo, na vidole vingi vikaelekezwa kwa wachimba mchanga. Babu wa drafti alikuwa ameisikia habari hiyo redioni. Aliikumbuka kwa sababu ya daraja. Kwa mtu wa Kigongo, daraja kuvunjika si jambo la kusikia na kupita.

Sina ugomvi na kokoto. Nyumba ninayoishi imejengwa nazo, na mtu anayesema nchi isichimbe mawe anatakiwa aseme pia hospitali zijengwe na nini. Wala siamini kwamba kila mwenye krasha ni mwizi. Machimbo yanaweza kufanywa vizuri: maji yanamwagwa kuua vumbi, saa za baruti zinatangazwa na king'ora kinalia, nyumba za jirani zinapigwa picha kabla ya mlipuko wa kwanza ili ukuta ukipasuka kusiwe na ubishi, ushuru unalipwa na kijiji kinajua ni kiasi gani. Kinachonisumbua Kigongo ni wakati. Maombi ya mlima, yakija, yatawakuta watu waliopoteza soko lao juzi. Mkutano utaitwa, na kwenye benchi la mbele atakaa kijana mwenye mkopo wa pikipiki, pembeni yake mama mwenye samaki sita. Mtu akiwaambia kuna vibarua 30, nani atasimama aulize habari za shimo la miaka 20 ijayo? Kijiji kilichoshiba kinajadili bei, kina subira ya kusema "rudi mwezi ujao na ramani". Kijiji chenye njaa kinajadiliwa. Waliojenga daraja hawakukusudia hivyo, lakini kwa kuondoa foleni bila kuweka kitu mahali pake, wamemrahisishia kazi mnunuzi yeyote atakayefuata.

Na kitu cha kuweka hakikuwa siri. Mkoa wenyewe umekuwa ukihimiza vizimba vya samaki ziwani, na vikundi kadhaa vya Mwanza vimekopeshwa. Samaki wa vizimba wanataka maji matulivu, yasiyo na tope linaloshuka kutoka kwenye vilima vilivyovuliwa miti. Gati la zamani lipo, barabara pana ya kuelekea majini ipo, maegesho yapo. Mtu yeyote mwenye akili ya biashara akisimama pale jioni, daraja limewashwa taa na ziwa liko chini yake, ataona mahali pa kula samaki. Watu wa Mwanza wanaendesha gari mbali zaidi ya hapo wakafuate nyama choma. Mama wa samaki aliponisikia nikisema hivyo alisema ameshalisikia wazo hilo kwa watu watatu, wote walikuja na magari, wote walikula, hakuna aliyerudi.

Mwalimu ana mpango wake. Hataki kupinga, anasema, anataka kutangulia. Anawashawishi akina mama wa nyundo wajiandikishe kikundi, waombe wenyewe leseni ndogo ya uchimbaji juu ya ule mwamba wao mweusi, ambayo inatolewa kwa Mtanzania na hudumu miaka saba kabla ya kuhuishwa. Wakiwa na leseni, mwenye krasha atalazimika kuzungumza nao kama wenye eneo, si kama wavamizi. Mama wa kokoto nilipomuuliza kuhusu hilo kesho yake aliendelea kugonga. Akasema ada ya maombi ni nani atatoa, na vipimo, na safari za kwenda mjini, na siku anazokwenda mjini ndoo yake anajaza nani? Kisha akauliza kama leseni inaweza kuandikwa jina la mwanamke peke yake, bila la mume. Nikamwambia ndiyo. Akaniambia nimpigie mwalimu simu, palepale, aongee naye yeye mwenyewe.

Wakaongea kwa Kisukuma muda mrefu, salio langu likaisha.

Jioni niliamua kuvukia Busisi nikalale Sengerema, na aliyenibeba ni yuleyule kijana wa "waje". Juu ya daraja upepo ulikuwa mkali, tukaenda polepole, naye akawa anapiga kelele ili nimsikie: kwamba amefikiri, na kama krasha likija yeye atakubali, lakini kwa sharti kwamba malori yapime uzito palepale kijijini na kila tripu iandikwe kwenye daftari linalokaa kwa watu, si kwa mtendaji. Na vijana wafundishwe udereva wa tipa kwanza, kabla ya jiwe la kwanza kutoka. Babu amemchokoza, anasema, akaenda kuangalia leseni yake. Kweli, haina daraja hilo.

Busisi vibanda vya chakula navyo vilikuwa vimefungwa. Nilipotoa nauli tuliyokubaliana, akaihesabu, akasema niongeze ya kurudi. Nikamwuliza kwa nini nilipie safari ambayo sisafiri.

"Huku nitampata nani, kaka? Zamani ningengoja kivuko kishushe watu."

Nikaongeza.